Wasomaji Wanauliza: Kapasita Inayolia, na Ile Inayotetema Kimyakimya

Barua za safari hii zimeangukia jambo moja: kapasita (vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme) za kauri zenye matabaka mengi, zile ndogo zinazolehemiwa juu ya bodi, na mitetemo yake. Wengine wanasumbuliwa na mluzi unaosikika kwa sikio. Wengine wanatumia kapasita zinazobadilika thamani kwa volteji, na tatizo lao halisikiki kabisa ila linaonekana kwenye vipimo. Asili ya yote ni moja, kwa hiyo tumeanza na mluzi.

Swali: Kila nikipunguza mwanga wa skrini, bodi inatoa mluzi mwembamba. Koili nimeshabadilisha, na mluzi uko palepale. Hivi kapasita nayo inaweza kulia? (Fundi wa vifaa vya kielektroniki)

Jibu: Inaweza, na mara nyingi koili husingiziwa bure. Kapasita za daraja la X5R na X7R zimetengenezwa kwa bariamu titanati, kauri ambayo umeme ukiingia hunenepa kidogo na papo hapo hufupika kwa urefu. Mabadiliko hayo ni madogo ajabu, hayafiki hata nanomita moja mara nyingi, na kapasita peke yake haina eneo la kutosha kusukuma hewa. Lakini ncha zake mbili zimelehemiwa. Ikifupika, inavuta bodi kwa ncha zote mbili kama kamba inavyokunja upinde, ikirefuka, inaiachia. Bodi ndiyo inayogeuka spika.

Kabla hujang'oa kitu, tafuta mkosaji. Chukua mrija mwembamba wa plastiki wenye urefu wa nusu mita hivi, ncha moja weka sikioni, nyingine itembeze juu ya bodi. Ukifika penye sauti kubwa, bonyeza kila kapasita ya hapo kwa kijiti cha meno. Sauti ikibadilika au ikizima, umekaribia. Angalia lakini usidanganyike: ukibonyeza bodi yenyewe sentimita mbili pembeni na sauti ikazima vilevile, maana yake umezuia spika tu, aliyeipiga bado hujamshika. Upande wa bodi unaounganishwa na umeme wa ukutani usiuguse kwa njia hii hata kwa kijiti.

Kisha pima masafa ya mluzi kwa programu ya simu inayochora masafa ya sauti, uyalinganishe na masafa ya saketi ya mwanga. Hapa kuna mtego mmoja. Kauri hujibu mraba wa volteji. Kapasita iliyokaa kwenye laini ya volti 12 za DC (umeme uliotulia, usiopanda wala kushuka), juu yake kukiwa na mpwito wa volti 1 (ile sehemu inayopanda na kushuka), hutetema kwa masafa yaleyale ya mpwito. Isipokuwa na DC kabisa, hutetema kwa masafa maradufu: saketi ya 1 kHz inakupa mluzi wa 2 kHz, na fundi anazunguka bodi nzima akitafuta chanzo cha 2 kHz ambacho hakipo.

Hesabu yake ni fupi. Mraba wa (12 + 1) una sehemu ya 2 × 12 × 1, yaani 24, inayotetema kwa masafa ya mpwito, na sehemu ya nusu tu inayotetema kwa masafa maradufu. Ya kwanza ni kubwa mara 48. Kwa hiyo DC iliyotulia, ambayo yenyewe haitoi sauti hata kidogo, ndiyo inayoupa mpwito nguvu ya kupiga bodi. Kumbuka hili, tutalirudia kwenye kapasita zinazobadilika.

Swali: Nimeshaijua kapasita inayolia: ni 10 µF, X5R, kwenye laini ya taa za skrini. Nimimine gundi juu yake? (Huyohuyo)

Jibu: Hapana. Gundi ngumu ikiingia kati ya tumbo la kapasita na bodi huongeza njia ya mtetemo kupita badala ya kuiziba. Tena gundi na kauri havitanuki sawa kwa joto, na baada ya mizunguko kadhaa ya kuwaka na kupoa kapasita inaweza kupasuka. Silikoni laini juu ya mgongo wake haina madhara makubwa, wala faida kubwa, kwa kuwa anayepiga kelele ni bodi.

Anza na mpwito. Ukiupunguza nusu, mtetemo nao unashuka nusu, yaani desibeli 6. Ikiwa saketi ya mwanga inawasha na kuzima kwa 1 kHz, fikiria kuipandisha hadi 25 kHz, juu ya upeo wa sikio ambao ni 20 kHz. Ila piga hesabu kwanza: kwa 25 kHz mzunguko mmoja ni mikrosekunde 40, na mwanga wa asilimia 1 unataka taa iwake kwa mikrosekunde 0.4 tu. Saketi nyingi za kuendeshea taa haziwezi kuwaka na kuzima upesi hivyo, na matokeo yake mwanga wa chini unapepesuka. Kwa 1 kHz zilikuwa na mikrosekunde 10 za kufanyia kazi hiyohiyo.

Kama mluzi unatoka kwenye saketi ya kushusha volteji na unasikika pale tu mzigo unapokuwa mdogo, kisa ni kingine. Saketi hizo, zikikosa kazi, huruka mizunguko ili kuokoa umeme. Zinapiga mafungu ya mizunguko na kupumzika, na mafungu hayo yanaweza kuja kwa kilohezi chache ingawa saketi yenyewe imeandikwa 500 kHz. Nyingi zina pini ya kuzilazimisha zisiruke. Ukiitumia, mluzi unaisha, na betri italipa kidogo kifaa kikiwa kimelala.

Ikishindikana huko, ndipo uende kwenye kapasita. Kuweka ya daraja la C0G kunaondoa mtetemo karibu wote kwa sababu kauri yake si bariamu titanati, lakini C0G ya 10 µF yenye ukubwa uleule hutaipata. Anayeweka 1 µF ya C0G mahali pa 10 µF ameukuza mpwito, na kelele inaweza kuhamia kwa kapasita ya jirani ambayo jana ilikuwa kimya. Kapasita ya polima inafaa kwenye laini za DC mradi uangalie upande chanya. Tantali ya kawaida nayo hailii, ila usiitumie kwa zaidi ya nusu ya volteji iliyoandikwa juu yake, kwani ikishindwa inaweza kuwaka moto.

Kwa anayechora bodi mpya, njia ninayoipenda haina gharama kubwa: badala ya kapasita moja ya 10 µF, weka mbili za 4.7 µF, moja juu ya bodi na nyingine chini, mahali palepale, zikielekea upande mmoja, tumbo kwa tumbo, bodi ikiwa katikati. Ya juu inapoikunja bodi kwenda chini, ya chini inaikunja kwenda juu. Lazima ziwe aina moja na ziwe kwenye laini moja. Ukiiweka ya chini milimita tano pembeni, sehemu kubwa ya faida imekwenda. Zipo pia kapasita zilizoinuliwa juu ya miguu ya chuma, ambayo hujipinda yenyewe na kuiacha bodi. Zinafanya kazi vizuri, ila ni ndefu kwenda juu na miguu hiyo inaongeza uinduktansi (ukaidi wa waya dhidi ya mkondo unaobadilika upesi).

Na usiruhusu lehemu ipande hadi kichwani mwa kapasita. Lehemu nene inayofunika ncha nzima inashika hata matabaka ya juu na kuyapitishia nguvu yake kwenye bodi. Baadhi ya watengenezaji huuza kapasita zenye kauri tupu nene upande wa chini, ili matabaka yanayofanya kazi yakae juu ya usawa wa lehemu. Hizo zikilehemiwa kichwa chini zimepoteza maana yake yote.

Swali: Mitetemo hii inaharibu kapasita? (Msomaji)

Jibu: Yenyewe, hapana. Nyufa za kapasita ambazo husikia zikitajwa hutokana na bodi kukunjwa kwa mkono au wakati wa kuzitenganisha bodi kutoka kwenye sahani moja, na huko kukunjwa ni kukubwa mara maelfu kuliko huu.

Swali: Tunatumia kapasita za utando wa bariamu strontiamu titanati kurekebishia antena. Volteji ya udhibiti ni 0 hadi 20 V. Bila volteji, kipimo cha Q (kinachopanda kadiri kapasita inavyopoteza nishati kidogo) kinashuka taratibu kadiri masafa yanavyopanda, kama inavyotarajiwa. Tukiweka 20 V, linatokea bonde kubwa karibu na 2.8 GHz. Kapasita ni mbovu? (Timu ya maabara ya redio)

Jibu: Si mbovu. Bonde hilo ni sauti, ya juu mno kwa sikio lolote. Utando huo (tuuite BST kwa kifupi) huchaguliwa mchanganyiko wake ili katika joto la kazi usiwe na upande wowote uliochajiwa kwa kudumu. Bila volteji ya udhibiti, mawimbi ya redio yakipita yanautetemesha kwa masafa maradufu tu, na kwa udhaifu. Ukiweka 20 V, tunarudi kwenye ile hesabu ya 12 na 1: DC inazidishana na wimbi la redio, na utando unaanza kunenepa na kusinyaa kwa masafa ya wimbi lenyewe. Masafa hayo yakilingana na yale ambayo rundo zima la matabaka (utando pamoja na elektrodi zake, yaani tabaka za chuma zinazoupitishia umeme) hupenda kutetema, nishati ya redio inamezwa na kuwa mtetemo, na Q inaanguka.

Kuhakikisha ni rahisi. Pima mara nne: 0, 5, 10 na 20 V. Bonde la sauti linakua kina kadiri volteji inavyopanda na linahama kidogo tu. Bonde linalokuwepo hata kwenye 0 V bila kubadilika ni la umeme, pengine uinduktansi wa nyaya zenu za kupimia. Kuna hali ya tatu: kwenye 0 V kuna bonde dogo, na ukubwa wake hutegemea kama umetoka +20 V au −20 V. Hapo utando haujatoka kabisa kwenye hali ya kubaki na chaji ya kudumu, na mchanganyiko unahitaji strontiamu zaidi. Bariamu titanati tupu huvuka mpaka huo kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi; strontiamu ndiyo inayoushusha.

Mkiona pia vijimawimbi vidogo vilivyopangika kama meno ya kitana, pimeni nafasi kati ya jino na jino. Kwenye msingi (bamba linalobeba utando) wa yakuti wenye unene wa nusu milimita nafasi hiyo huwa karibu 11 MHz, kwa kuwa sauti hukimbia humo kwa takriban kilomita 11 kwa sekunde na inapaswa kwenda na kurudi. Kwenye silikoni ya unene huohuo ni 8 MHz na kitu. Hayo ni mawimbi yanayodunda mgongoni mwa msingi, na dawa yake ni kuukwaruza mgongo huo uwe na mikwaruzo ili mawimbi yatawanyike badala ya kurudi kwa mpangilio.

Swali: Tunaweza kulihamisha bonde hilo? Utando wetu ni nanomita 400, na elektrodi za platinamu ni nanomita 100 juu na 100 chini. (Timu hiyohiyo)

Jibu: Mnaweza, na vipimo vyenu vinaonyesha vizuri kosa ambalo wengi hulifanya, la kuhesabu utando peke yake. Chukueni kasi ya sauti ndani ya BST kuwa kilomita 5.5 kwa sekunde. Utando wa nanomita 400 ukiachwa huru ungetetema kwa 6.9 GHz, mbali kabisa na kazi yenu. Lakini elektrodi nazo zinatetema. Ongezeni muda wa sauti kupita kwenye platinamu, inayokimbiza sauti kwa kilomita 4 hivi kwa sekunde, na masafa yanashuka hadi 4.1 GHz. Halafu ingizeni uzito: platinamu ina gramu 21.45 kwa sentimita moja ya ujazo, BST haifiki gramu 6. Uzito huo ukikaa pembezoni mwa rundo unalichelewesha zaidi, na jibu linatua karibu 2.8 GHz, palepale mlipopima. Hesabu hii inalichukulia rundo kana kwamba limeelea hewani. Msingi ulio chini yake utaibadilisha kiasi, lakini mwelekeo ni huo.

Mkipunguza platinamu hadi nanomita 50 kila upande, hesabu ileile inatoa takriban 3.8 GHz. Gharama yake ni ukinzani: platinamu ya nanomita 100 ina zaidi kidogo ya omu 1 kwa kila mraba wa uso wake, na ya 50 ina zaidi ya omu 2. Q ya kawaida itashuka kila mahali ili bonde liondoke mahali pamoja. Kama antena yenu haivuki 2.7 GHz biashara hiyo inalipa, hasa mkiongeza unene wa njia za shaba au dhahabu nje ya eneo la kapasita, ambako uzito hauhusiki na mtetemo.

Alumini ingekuwa nyepesi mno, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na utando wa BST hupikwa kwenye joto la karibu na hapo. Kwa hiyo haiwezi kukaa chini. Juu inawezekana, kwa kuwa inawekwa baada ya kupika.

Swali: Nimeelezwa kwamba matabaka mawili ya BST yanaweza kufutiana mtetemo. Inawezekanaje, na waya ziungwe vipi? (Mwanafunzi wa uhandisi)

Jibu: Swali hili ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Fikiria rundo lenye elektrodi tatu: ya chini, ya kati na ya juu, na matabaka mawili ya BST katikati yao. Wimbi la redio linaingia chini na kutokea juu, likipita matabaka yote mawili kwa mfululizo; yaani wakati wowote ule, uga wa redio unaelekea upande mmoja katika yote mawili. Sasa weka volteji ya udhibiti kwenye elektrodi ya kati, na zile za nje ziwe kwenye sifuri ya DC. Uga wa DC unaanzia kati na kwenda pande zote mbili: katika tabaka la juu unaelekea juu, katika la chini unaelekea chini.

Chora mishale yako kwenye karatasi. Katika tabaka la juu mshale wa DC na wa redio inafuatana, kwa hiyo redio ikipanda tabaka linanenepa. Katika la chini inapingana, kwa hiyo tabaka linasinyaa. Moja linanenepa kwa kadiri mwenzake anavyosinyaa, unene wote wa rundo haubadiliki, na ule mtetemo wa kwanza, ambao unataka rundo zima linenepe pamoja, haupati wa kuusukuma.

Kosa linalojirudia ni kuchukua mpangilio huohuo wa DC na kuuweka kwenye kapasita iliyoungwa sambamba, redio ikiingia elektrodi ya kati na kutokea za nje zote mbili. Hapo uga wa redio nao unaelekea pande mbili, mishale inafuatana katika matabaka yote, na badala ya kufutiana yanasaidiana. Kwa muungano sambamba DC inabidi itoke chini hadi juu moja kwa moja, elektrodi ya kati ikiwa kwenye nusu ya volteji. Na hapo 20 V zako zimegawanywa kwa matabaka mawili, kwa hiyo ili ubadilishe thamani kwa kiasi kilekile unahitaji 40 V.

Usitegemee mtetemo ufe wote. Matabaka yanayopingana hayasukumi mtetemo wa kwanza, lakini yanausukuma wa pili vizuri sana, kwa sababu huo ndio unaotaka nusu moja inenepe nyingine ikisinyaa. Bonde linahamia takriban kwenye masafa maradufu. Likiwa hapo liko nje ya kazi yako, umeshinda. Pia ulinganifu ni lazima: matabaka yakitofautiana unene, au elektrodi ya juu ikiwa nzito kuliko ya chini, mabaki ya bonde la kwanza yanarudi. Hata ukitengeneza kwa uangalifu, msingi uko chini na hewa iko juu, kwa hiyo ulinganifu kamili haupatikani.

Volteji ya udhibiti ipitishe kwenye kizuizi cha kilo-omu 10 hadi 100 kabla ya kufika elektrodi ya kati. Pungufu ya hapo redio inavujia kwenye waya wa DC, na Q inayoshuka kwa sababu hiyo hufanana sana na ya mtetemo kwa macho. Tofauti ni kwamba inashuka kwa upana wote badala ya kuchimba bonde. Ukizidisha sana, kapasita inachelewa kubadilika: kilo-omu 100 na pikofaradi 10 zinatoa mikrosekunde 1 ya kuchelewa, ambayo kwa antena ni sawa, lakini megaomu kadhaa zikiwa kwenye mnyororo wa kapasita nyingi zinaanza kuonekana.

Swali: Kuna faida gani kuchora elektrodi zenye pande zisizolingana? (Mwanafunzi huyohuyo)

Jibu: Hiyo ni kwa mitetemo inayokwenda pembeni badala ya juu na chini. Elektrodi ya mraba ina kuta zinazotazamana, na wimbi la pembeni linadunda kati yake kwa masafa yaleyale kila mara, likichimba vibonde vyembamba kando ya lile bonde kubwa. Ukichora umbo la pande tano lisilo na pande mbili sambamba, kila njia ina urefu wake na vibonde vinasambaa hadi visionekane. Halisaidii chochote kwa bonde kubwa la unene, kwa hiyo usilitumie kama badala ya matabaka mawili.